Umekosea kwenye maombi ya chuo? Pitia hapa kabla hujafungua akaunti ya pili

Simu huanza kuingia saa nne usiku. "Kaka, nimeandika Zainabu na cheti kinasema Zainab. Ndiyo nimeshakosa chuo?" Namjibu hapana, alale. Asubuhi anafika steshenari kwangu macho mekundu. Hakulala, kafungua akaunti ya pili chuo kilekile kwa namba ya mtihani aliorudia, na sasa mfumo una waombaji wawili ambao ni yeye mmoja. Kosa la jana lilikuwa herufi moja. La leo litamchukua wiki.

Kila msimu hadithi ni hiyohiyo, ndiyo maana nimeandika hatua zote hapa, tangu unapogundua kosa hadi unapopeleka vyeti halisi chuoni. Ni kwa anayeomba shahada ya kwanza katika vyuo vya Tanzania, na kwa anayeomba mkopo HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, pembeni.

Jambo la kushika tangu mwanzo: usipime kosa kwa aibu unayoona. Lipime kwa kuuliza nani atalisoma. Likisomwa na mtu, afisa udahili ataelewa ulichokusudia na kuendelea na kazi yake. Likisomwa na kompyuta inayolinganisha tarakimu na tarakimu, hakuna cha "alikusudia". Kwake, 0045 na 0054 ni watu wawili.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Cheti cha kidato cha nne, na cha sita au matokeo yake. Wa stashahada: cheti na AVN, namba ya kuhakiki stashahada yako, kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi.
- Cheti cha kuzaliwa.
- Namba ya NIDA, kama unayo.
- Simu yenye laini ileile uliyoandika kwenye maombi. Si ya shangazi.
- Jina la mtumiaji na neno la siri la kila chuo ulichoomba.
- Kumbukumbu za malipo: kontroo namba, au meseji ya muamala.
- Rula, kalamu nyekundu, na mtu mmoja anayejua kusoma kwa sauti.

Mstari huo wa mwisho si utani. Utaona.

## Hatua ya 1: Toa nakala ya ulichotuma kweli

Usiguse kitu chochote kwenye akaunti kabla hujapata nakala. Ingia, tafuta muhtasari wa maombi, upakue au upige picha ya skrini ukurasa kwa ukurasa, kisha uprinti.

Unachokumbuka na ulichotuma ni vitu viwili. Robo ya wanaonijia wakihaha, tukifungua tunakuta kosa halipo. Aliandika sawa, akajihisi vibaya baadaye. Wengine tunakuta kosa lile halipo, lakini lipo jingine ambalo hawakuliwazia.

Tahadhari: usibonyeze "hariri" kwa ajili ya kuangalia tu. Ipo mifumo ambayo ukifungua maombi kwa kuhariri, huyahesabu kuwa hayajawasilishwa mpaka uwasilishe tena. Ukatoka hivyohivyo, umejiondoa mwenyewe.

Umefanikiwa ukiwa na: karatasi mkononi, na kwenye akaunti bado panasomeka kwamba maombi yamewasilishwa.

## Hatua ya 2: Linganisha kwa rula na kwa sauti

Weka nakala upande mmoja na vyeti upande mwingine. Mwenzio asome cheti herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, wewe ukisogeza rula kwenye nakala. Jicho lako limeshalizoea jina lako na halitaona kilichopungua. Sauti ya mtu wa pili itakuonyesha.

Anza na namba ya mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu ndiyo mzizi wa maombi yako yote. Mfumo wa chuo huitumia kuvuta matokeo yako NECTA, Baraza la Mitihani. Imepangwa hivi: herufi, tarakimu nne za kituo, tarakimu nne za mtahiniwa, halafu mwaka. Mfano wa umbo lake ni S0000/0045/2021.

Watu huteleza sehemu nne, karibu kila mwaka zilezile:

Mwaka. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka mwaka unaofuata. Kwa hiyo aliyefanya Novemba 2021 anakumbuka furaha ya Januari 2022, na anaandika 2022. Mwaka unaotakiwa ni wa mtihani.

S na P. S ni mtahiniwa wa shule, P ni wa kujitegemea. Uliyerudia mtihani unazo zote mbili. Andika ya kwanza panapotakiwa ya kwanza, na ya pili kwenye nafasi ya mtihani mwingine.

Namba ya kidato cha sita kuwekwa pa kidato cha nne. Zinafanana umbo, na ukiwa na haraka huoni.

Sifuri na herufi O. Kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka ni kitu kimoja.

Kijana mmoja alikaa kwenye kiti changu akalalamika kwamba mfumo "umemkosea kidogo jina". Nilipotazama skrini, jina lilikuwa la msichana, shule ilikuwa ya mkoa mwingine, na ufaulu ulikuwa mzuri kuliko wake. Alikuwa ameingiza matokeo ya mtu. Yeye alidhani chuo kitarekebisha huko mbele.

Baada ya namba ya mtihani, soma majina matatu kwa mpangilio wake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, baruapepe, na kozi ulizochagua pamoja na mpangilio wake. Kama una namba ya NIDA, hesabu tarakimu zake: ziwe 20. Nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo tarehe ikigongana na cheti cha kuzaliwa utaiona hapohapo.

Umefanikiwa ukiwa na: orodha fupi ya tofauti zote, kila moja ikiwa na "nimeandika hivi" na "cheti kinasema hivi". Mara nyingi ni mistari miwili au mitatu, na ukiiona imekaa kwenye karatasi utashangaa ilivyokuwa milima usiku.

## Hatua ya 3: Gawa makosa mafungu matatu

Chukua kalamu nyekundu. Kila mstari uandike A, B au C.

### Fungu A: Acha lilivyo

Sanduku la posta la zamani. Wilaya ya makazi uliyohama. Kazi ya mzazi uliyoandika "mkulima" na siku hizi ana genge. Jina lako kwa herufi kubwa wakati wenzio wameandika ndogo. Picha ambayo umekunja uso. Nukta iliyosahaulika. Jina la mtu wa karibu lililokosewa herufi.

Haya husomwa na mtu, tena mara nyingi hayasomwi kabisa. Shahada ya kwanza huku kwetu hutolewa kwa ufaulu wa masomo na ushindani wa kozi. Hakuna mahali panapotolewa alama za mwandiko. Kama utaripoti chuoni, utayaandika upya kwenye fomu za usajili.

Najua neno "acha" halikutoshi. Basi yaandike kwenye daftari, yakusubiri hadi siku ya usajili.

### Fungu B: Rekebisha mwenyewe dirisha likiwa wazi

Baruapepe iliyokosewa. Namba ya simu. Mpangilio wa kozi. Kiambatisho kisichosomeka. Mtihani wa pili uliousahau. Vyuo vingi huacha sehemu hizi zibadilishwe mpaka siku ya mwisho ya dirisha, yaani muda wa kupokea maombi.

Hapa nataja kosa ambalo halijamnyima mtu usingizi hata siku moja, na ndilo linalowaangusha wengi: kuomba kozi ambayo huna sifa zake. Kiwango cha jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini hicho ni kizingiti cha mlangoni tu. Kila kozi ina masharti yake. Udaktari, kwa mfano, unataka prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huu, tafuta chuo chako, soma mstari wa kozi yako mpaka mwisho. Yapo masharti ya masomo ya kidato cha nne yanayokaa mwishoni mwa sentensi, na huko ndiko watu hawafiki.

### Fungu C: Peleka ofisini

Namba ya mtihani iliyokosewa kwenye maombi yaliyowasilishwa na kulipiwa. Matokeo ya mtu mwingine. Tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na cheti. Jina tofauti kabisa kati ya vyeti viwili. AVN iliyokataa au inayoleta jina lisilo lako.

Haya husomwa na kompyuta, na mara nyingi huwezi kuyafuta mwenyewe. Lakini yanarekebishika, tena ukiwahi ni kazi ya siku chache.

Umefanikiwa ukiona: A ndiyo ndefu kuliko zote. Karibu kila mara huwa hivyo.

## Hatua ya 4: Fungu B, kwa mpigo mmoja

Ingia mara moja, badilisha yote, wasilisha, toka. Usirudi kila baada ya nusu saa "kuhakikisha". Kila unapofungua unajipa nafasi ya kuharibu kilichokuwa sawa, na siku za mwisho za dirisha mfumo huelemewa, ukakata katikati.

Usilipe tena ada ya maombi kwa sababu ya marekebisho. Mfumo ukikutolea kontroo namba mpya wakati umeshalipa, simama. Piga picha, uliza chuo kwanza.

Na usifungue akaunti ya pili. Nimesema juu, nasema tena: akaunti mbili za mtu mmoja kwenye chuo kimoja huleta mgongano ambao wewe huwezi kuufungua. Umesahau neno la siri? Kipo kitufe chake. Baruapepe ya kurejeshea nayo ilikosewa? Hilo limehamia fungu C.

Umefanikiwa ukipata: nakala mpya yenye tarehe ya leo na hali ya "imewasilishwa". Ibane pamoja na ile ya kwanza, usiitupe ya zamani.

## Hatua ya 5: Fungu C, barua moja yenye kila kitu

Maafisa udahili msimu huu wanapokea ujumbe mwingi sana. Ujumbe unaosema "Habari, naomba msaada nimekosea" hauna wa kuujibu, kwa sababu hausemi wewe ni nani wala umekosea nini. Atakuuliza, utajibu kesho, atasoma keshokutwa. Dirisha linafunga.

Tumia anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo yenyewe, si ya kwenye kundi la WhatsApp. Andika hivi:

> Kichwa: Ombi la kusahihisha namba ya mtihani: [majina matatu kama ya cheti]
>
> Ndugu Afisa Udahili,
>
> Naomba kusahihishiwa namba ya mtihani wa kidato cha nne kwenye maombi yangu ya shahada ya kwanza.
>
> Niliyoandika: S0000/0054/2021
> Iliyo sahihi: S0000/0045/2021
> Namba ya simu kwenye maombi: …
> Kumbukumbu ya malipo: …
>
> Nimeambatisha cheti cha kidato cha nne na nakala ya maombi. Sijafungua akaunti nyingine.
>
> Natanguliza shukrani.
> [Majina, simu]

Sentensi ya "sijafungua akaunti nyingine" inamwondolea anayesoma wasiwasi mmoja mkubwa. Iache kama ni kweli. Kama umeshafungua, sema ukweli na uonyeshe ipi ifutwe.

Usieleze kwamba ulikuwa na homa wala kwamba mtandao ulikatika. Usitume ujumbe huohuo kwa baruapepe tano. Subiri siku mbili za kazi, kisha piga simu ukiwa na karatasi mkononi. Kama unakaa karibu na chuo, nenda mwenyewe asubuhi. Hakuna kinachoshinda kusimama dirishani ukiwa na cheti.

Tahadhari: atajitokeza mtu anayejua mtu wa ndani. Anataka 50,000 na neno lako la siri. Ukimpa vyote viwili, hela imekwenda, na akaunti nayo imekwenda: atabadilisha neno la siri na kukutaka nyongeza. Marekebisho ya chuo hufanywa na chuo.

Umefanikiwa ukiona: badiliko lenyewe ndani ya akaunti yako. "Tumepokea" si jibu, ni stakabadhi.

## Hatua ya 6: Majina yasiyolingana

Hapa ndipo penye machozi mengi, hivyo twende taratibu.

Tofauti ya tahajia, Mohamed na Mohammed, Zainab na Zainabu, au jina la kati lililofupishwa kuwa herufi moja, ni mtu yuleyule na vyeti vyote vinaonyesha hivyo. Kwenye maombi andika kama cheti cha kidato cha nne kilivyo, hata kama kimekosewa na roho inakuuma. Ndicho mfumo unachokisoma. Chuo kikihitaji maelezo, utaandaa hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, ukieleza kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja.

Jina tofauti kabisa ni habari nyingine. Cheti cha kuzaliwa kina jina la ukoo la baba, shuleni uliandikishwa kwa jina la mjomba aliyekulea. Kiapo pekee mara nyingi hakitoshi. Utahitaji hati ya kubadili jina, ambayo mawakili huiita didipoli, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Inachukua muda, basi ianze leo, usingoje kuchaguliwa.

Usikubali ushauri wa "kupata cheti kingine cha kuzaliwa" chenye jina linalofaa. Hilo si kosa dogo tena, ni kughushi.

## Hatua ya 7: Mkopo ni fomu nyingine, na macho yake ni makali zaidi

Wengi wakimaliza chuo hupumua. HESLB wanatazama namba na majina yaleyale, na zaidi.

Namba ya kidato cha nne kwenye maombi ya mkopo iwe ileile uliyoombea chuo. Uliyerudia mtihani, hapa ndipo unapopotea: chuo umeomba kwa S, mkopo kwa P. Unachaguliwa chuo, na kwenye mkopo hauonekani.

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA, wakala kama huo kwa waliozaliwa Zanzibar. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho vivyo hivyo. Namba ya ingizo ya cheti iliyokosewa tarakimu moja inarudisha jibu la "hakijapatikana", na mtu anadhani cheti chake ni feki. Tazama namba upya kwanza.

Kisha kurasa za sahihi. Sahihi yako, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa au kijiji, na ya kamishna wa viapo. Muhuri uwepo na usomeke baada ya kuskani. Usipige picha kwa simu chini ya taa ya njano, muhuri wa bluu unageuka doa.

Ada ya maombi, 30,000, hulipwa mara moja. Ukishawasilisha na kugundua kosa, usiombe upya. HESLB imekuwa ikifungua muda wa waombaji kurekebisha dosari kabla ya kupanga mikopo, na baada ya hapo kuna rufaa. Fuatilia akaunti yako kila siku, kwa sababu muda huo ni mfupi.

## Hatua ya 8: Laini ya simu

Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja tu, na namba ya siri ya kuthibitishia hutumwa kwenye simu uliyoandika.

Nakiri hapa. Miaka ya nyuma mteja alikuja bila simu, nikamwekea namba yangu ili tumalize foleni. Meseji yake ikaingia nikiwa msibani kijijini, simu haina chaji. Nilipoiona, zilikuwa zimebaki saa chache. Nilimpigia mama yake, nikapanda bodaboda hadi penye mtandao, tukafanikiwa kwa tundu la sindano. Tangu siku hiyo asiye na laini yake simwombei.

Laini imepotea? Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho au namba ya NIDA, uweke alama ya kidole, urudishiwe namba ileile. Usinunue mpya ukidhani utaibadilisha baadaye. Meseji isipokuja, ingia kwenye akaunti ya chuo uombe itumwe tena.

Umefanikiwa ukiona: akaunti inasema umethibitisha, chuo kimoja, jina lako. Piga picha ya skrini.

## Dirisha likifunga kabla hujamaliza

Udahili huwa na awamu zaidi ya moja. Aliyekosa ya kwanza kwa sababu ya namba iliyokosewa anaweza kuomba awamu inayofuata kwenye kozi zenye nafasi. TCU hutangaza tarehe, na vyuo hutangaza nafasi zilizobaki. Ingia ukiwa na nakala zako za zamani na orodha ya rula, uanze Hatua ya 2.

## Bahasha ya siku ya kuripoti

Chuoni vyeti halisi vitalinganishwa na ulichoandika. Panga hivi: cheti cha kidato cha nne, cha sita, cha kuzaliwa, barua ya udahili, risiti, halafu nakala za mawasiliano ya marekebisho. Kama una kiapo au didipoli, iweke juu kabisa ya bahasha, mwenye kupokea aione kabla hajaona jina la pili. Na lile daftari la fungu A usilisahau nyumbani, maana fomu ya usajili itakuuliza tena sanduku la posta.